Charles Dickens: Mtoi wa Jela ya Madeni Aliyeigeuza London Kuwa Stori kwa Miguu Yake

Kila siku maelfu ya watu hushuka kwenye stesheni ya Charing Cross, katikati ya London, simu mkononi, kahawa mkononi, mbio mbio kazini. Wengi hawana habari kwamba hapo chini, upande wa Mto Thames, kulikuwa na jengo bovu lililojaa panya. Na kwamba mwaka wa 1824, mtoi wa miaka 12 alikuwa anashinda humo kutwa nzima akifunga vikopo vya rangi ya viatu.

Jina lake lilikuwa Charles Dickens. Miaka 12 baadaye alikuwa ndiye mwandishi mwenye mashabiki wengi kuliko wote Uingereza. Oliver Twist, David Copperfield, A Christmas Carol na Great Expectations zote ni zake. Ile picha uliyo nayo kichwani ya London ya kitambo, ukungu, taa za barabarani, matoi wezi na mabwanyenye wachoyo, kwa sehemu kubwa imetoka kwake.

Lakini kuna kitu watu wengi hawajui. Hiyo wera ya rangi ya viatu aliificha maisha yake yote. Watoto wake hawakujua. Waliokuwa wakisoma vitabu vyake kila mwezi hawakujua. Msee alikuwa anaiambia dunia nzima stori za matoi waliosota, lakini stori ya mtoi mmoja, yeye mwenyewe, alikuwa ameifungia.

Na njia pekee aliyokuwa nayo ya kuishi na hiyo siri ilikuwa kutembea. Alikuwa mtu wa namba 11, miguu miwili tu. Kwa hivyo ukitaka kumjua Dickens, afadhali umfuate barabara kwa barabara.

Deni la pauni 40

Dickens alizaliwa tarehe 7 Februari 1812 huko Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza. Mbuyu wake, John, alikuwa karani katika ofisi ya mishahara ya jeshi la majini. Mshahara haukuwa mbaya. Shida ni kwamba mzee alipenda maisha yaliyomzidi mfuko: wageni, vinywaji, nguo kali. Alikuwa na roho safi, mcheshi, mwenye maneno mengi, lakini doo zilikuwa zinampita kama maji kwenye chekecheo.

Utoto mtamu wa Charles ulikuwa Chatham, kaunti ya Kent, ambako baba alihamishiwa kikazi. Walikuwa wakitembea pamoja mashambani, na njiani kulikuwa na jumba moja kubwa juu ya kilima, Gad's Hill. Mzee alimwambia kijana kwamba akikaza buti, siku moja anaweza kuishi humo. Weka hiyo nyumba akilini, tutairudia.

Mwaka wa 1822 familia ilihamia London, kwenye nyumba ndogo ya Bayham Street, Camden Town. Hapo ndipo mambo yaliharibika. Shule ikaisha. Vitu vya nyumba vikaanza kwenda dukani kuwekwa rehani, na mtu wa kutumwa kuvipeleka alikuwa Charles. Vitabu vya baba, vile ambavyo kijana alikuwa amevisoma na kuvirudia, ndivyo vilitangulia kuuzwa.

Februari 1824, siku chache tu baada ya Charles kutimiza miaka 12, jamaa mmoja aliyehusiana na familia kwa ndoa alimtafutia kazi kwenye kiwanda cha Warren cha rangi ya viatu, pale Hungerford Stairs, ambapo leo ni Charing Cross. Mshahara: shilingi 6 kwa wiki. Tarehe 20 mwezi huo huo, mbuyu akabebwa na kupelekwa Marshalsea, jela ya wadeni upande wa kusini wa mto. Anayemdai alikuwa muuza mikate. Deni: pauni 40.

Piga hesabu. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hivyo hilo deni lilikuwa shilingi 800. Kwa shilingi 6 kwa wiki, Charles angehitaji zaidi ya miaka miwili na nusu kulilipa, bila kula wala kulala mahali. Na sheria ya wakati huo ilikuwa mbovu kiasi kwamba anayekudai anakufungisha, halafu ukiwa ndani huwezi kwenda kutafuta za kulipa.

Vikopo, uzi na panya

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachukua kikopo cha rangi nyeusi, unakifunika kwa karatasi ya mafuta, kisha karatasi ya bluu, unafunga uzi, unakata kingo vizuri, unabandika lebo. Halafu kingine. Halafu kingine. Ngazi za jengo zilikuwa zimeoza na panya wa chini walisikika wakipigana.

Kilichomuuma Charles haikuwa uchovu pekee. Alikuwa mtoto mwenye akili, aliyeota kuwa mtu msomi, na sasa aliona kila kitu kimefutwa huku hakuna mkubwa anayeshtuka. Dadake Fanny wakati huo alikuwa anasomea muziki katika Royal Academy of Music. Siku Fanny alipopewa tuzo, Charles alikuwa amekaa pale akitazama, machozi yanamtoka. Hakumwonea wivu. Aliona tu kwamba yeye hana mlango.

Pale kiwandani kulikuwa na kijana mmoja mkubwa kidogo, Bob Fagin, yatima, ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kufunga uzi. Siku moja Charles alishikwa na maumivu makali ya mbavu. Bob alimlaza kwenye majani makavu, akajaza chupa maji ya moto na kumkanda nusu ya siku. Jioni akakataa kumwacha aende peke yake. Akasisitiza kumsindikiza hadi nyumbani.

Sasa nyumbani ni wapi? Familia ilikuwa jela. Mathe na watoto wadogo walikuwa wameshahamia ndani na mzee. Charles alijaribu kumhepa Bob mara kadhaa, akashindwa. Mwishowe, karibu na daraja la Southwark, akasimama kwenye ngazi za nyumba ya watu asiowajua, akampa Bob mkono na kumwambia amefika. Bob alipogeuka kuangalia, Charles ilibidi agonge mlango kweli. Mwanamke alipofungua, akamuuliza kama hapo ni kwa Bwana Robert Fagin.

Miaka 13 baadaye, alipohitaji jina la mzee anayefundisha matoi wizi katika Oliver Twist, alichukua jina la huyo kijana aliyemtendea wema. Mbona? Watu wamejadili hilo hadi leo. Pengine wema wa Bob ndio uliomtisha zaidi, kwa sababu ulikuwa unamfanya azoee mahali pale. Na huyo Fagin wa kitabuni alileta ngori nyingine. Dickens alimchora kama Myahudi mwovu na kumwita hivyo kila ukurasa. Mwaka wa 1863 mama mmoja Myahudi, Eliza Davis, alimwandikia barua kumlaumu. Mwanzoni alijitetea, lakini baadaye aliondoa sehemu nyingi za hilo neno katika toleo jipya.

Njia ya Borough

Vuka Mto Thames kwa daraja la Blackfriars, ushike barabara ya Blackfriars, utafika mtaa wa Borough. Hii ndiyo njia Charles alipita kila asubuhi na kila usiku. Mwanzoni alikuwa amepangishiwa chumba Camden, mbali na wenzake. Alilia kwa baba kwamba hawezi upweke, wakamtafutia kachumba juu kabisa katika nyumba moja ya Lant Street, mwendo mfupi kutoka jelani. Hapo akawa anaamkia jela kunywa chai na familia, anaenda kiwandani, halafu anarudi jela kula, hadi saa ya kufunga geti.

Kwenye njia hiyo alikuwa akiangalia alama juu ya duka moja: mbwa wa dhahabu akilamba chungu. Aliikumbuka hadi uzeeni. Leo ukipita kona ya Blackfriars Road na Union Street utaona sanamu ya mbwa kama huyo juu ya nguzo.

Mzee John alitoka Mei 1824, baada ya kama miezi mitatu. Bibi yake Charles, mama ya John, alikuwa amefariki na kuacha urithi kidogo. Ungefikiri siku hiyo hiyo kijana angetolewa kiwandani. Wapi! Aliendelea kufunga vikopo. Kiwanda kikahamia karibu na Covent Garden, na yeye pamoja na Bob wakawekwa dirishani kwa sababu walikuwa na mikono myepesi. Wapita njia walisimama kutazama.

Mwishowe mbuyu akagombana na yule jamaa wa kiwandani, Charles akarudishwa nyumbani. Kesho yake mathe akaenda kusuluhisha ili kijana arudi kazini. Baba akakataa, akasema arudi shule. Charles alimsamehe baba aliyefungwa kwa madeni. Lile la mama kutaka arudi kiwandani halikumtoka kamwe.

Sanduku la barua Fleet Street

Shule nayo haikudumu. Mwaka wa 1827, akiwa na miaka 15, pesa ziliisha tena na akaingia kuwa karani mdogo katika ofisi ya mawakili Gray's Inn. Kazi ilikuwa kubeba makaratasi huku na huku mjini, na hapo akaanza kujua London kuliko dereva yeyote wa gari la farasi. Usiku akajifundisha hatimkato, ile ya kuandika haraka maneno ya mtu akiwa anaongea. Inachukua watu miaka, yeye akaipiga fasta. Akawa mwandishi wa habari mahakamani, halafu Bungeni, na sifa yake ikawa kwamba hakuna anayemshinda kwa kasi.

Jioni moja ya mwaka wa 1833 alitembea hadi kijia chembamba kinachoitwa Johnson's Court, kando ya Fleet Street, barabara ya magazeti. Akaangalia nyuma, akadumbukiza stori yake ya kwanza katika sanduku la jarida la Monthly Magazine. Desemba likatoka. Hakulipwa hata senti. Alipolinunua dukani na kuona maneno yake yamechapishwa, macho yalijaa machozi hadi akashindwa kuendelea barabarani. Aliingia Westminster Hall akatembea humo ndani nusu saa ili watu wasimwone.

Jamaa aliyemuuzia jarida lile alikuwa William Hall. Mapema mwaka wa 1836, Hall huyo huyo alibisha mlango wa Dickens kule Furnival's Inn, Holborn. Sasa alikuwa mmoja wa wenye kampuni ya Chapman and Hall, na alikuwa anatafuta kijana wa kuandika stori ya kuchekesha, itoke kidogo kidogo kila mwezi. Dickens akamtambua papo hapo.

Mng'arisha viatu ndiye aliyemtoa

Hiyo stori ndiyo The Pickwick Papers. Mwanzo ilikuwa mbaya kwa soko: sehemu za kwanza zilichapwa nakala chache tu. Halafu katika sehemu ya nne Dickens akamleta Sam Weller, jamaa wa mtaani mwenye mdomo mtamu, na mambo yakalipuka. Kufikia mwisho wa 1837 zilikuwa zinauzwa kama nakala 40,000 kila mwezi. Watu waliosoma waliwasomea wasiojua kusoma. Ilikuwa kama vipindi vya runinga leo, mnangoja mwezi uishe muone kitatokea nini.

Sasa shika hii. Sam Weller tunamkuta wapi mara ya kwanza? Katika ua wa hoteli ya White Hart, Borough High Street, hatua chache kutoka Marshalsea. Na anafanya nini? Anang'arisha viatu.

Umeona? Mtaa ule ule. Rangi ile ile ya viatu. Kile kitu kilichomuaibisha kuliko vyote ndicho kilimtoa, na hakuna msomaji aliyejua. White Hart imebomolewa, limebaki jina la kijia tu. Lakini jirani yake, The George, bado imesimama na unaweza kuingia.

Aprili 1836 alimuoa Catherine Hogarth, na mwaka uliofuata wakahamia nambari 48 Doughty Street. Hiyo keja bado ipo. Ni jumba la makumbusho tangu 1925. Humo alimaliza Pickwick, akaandika Oliver Twist na Nicholas Nickleby, wakati mwingine stori mbili kwa mpigo. Humo pia shemeji yake, Mary Hogarth, wa miaka 17, aliugua ghafla usiku baada ya kutoka tamthilia na akafia mikononi mwake, Mei 1837. Dickens alishindwa kuandika mwezi huo. Ndiyo mara ya kwanza mashabiki walikosa sehemu yao.

Usiku, kilomita 30

Dickens alipoomoka hakuacha kutembea. Alizidisha. Kilomita 15 au 20 kwa siku zilikuwa kawaida, na si matembezi ya starehe. Alienda kwa kasi, marafiki walioalikwa wakibaki nyuma wakihema. Alienda kule wenye pesa hawakanyagi: Saffron Hill, ambako aliweka maskani ya Fagin, Jacob's Island kule Bermondsey, pahali pa matope na maji machafu ambapo Bill Sikes anakufa, Seven Dials, St Giles, ambako alizunguka usiku na polisi aliyeitwa Inspekta Field.

Septemba 1843 alitembelea shule ya watoto maskini Field Lane, karibu na Saffron Hill. Alichokiona kilimkaa rohoni: matoi wasiojua chochote isipokuwa njaa na wizi. Alitaka kuandika kijitabu cha kuishambulia serikali, kisha akaona stori itapiga zaidi. Kwa kama wiki sita aliiandika A Christmas Carol, mchana akiwa mezani, usiku akizunguka London kilomita 25 hadi 30 wakati mji umelala, akilia na kucheka peke yake. Ilitoka tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 zikaisha kabla ya Krismasi.

Ndani yake kuna karani mmoja, Bob Cratchit, analipwa shilingi 15 kwa wiki na bosi mchoyo, ana familia kubwa na kijana mgonjwa. Anaishi wapi? Camden Town. Kule kule Bayham Street ilikokuwa. Na hata jina tena ni Bob.

Kuna kipindi usingizi ulimkataa kabisa, na akawa anatoka baada ya saa sita usiku na kurudi jua likitoka. Aliandika insha kuhusu hilo mwaka wa 1860. Alipita daraja la Waterloo, ukuta wa jela ya Newgate, hospitali ya wagonjwa wa akili, hadi soko la Covent Garden ambako matoi wasio na makao waligombania mabaki. Alijihesabu kama mmoja wao, mtu asiye na nyumba usiku. Mashabiki waliona ni ufundi tu wa mwandishi. Sisi tunajua alikuwa anakumbuka.

Lakini kulikuwa na njia mbili zilizomshinda. Pale Hungerford Stairs hakuthubutu kurudi hadi mahali penyewe pabomolewe. Na kwenye barabara ya Strand kulikuwa na kampuni nyingine ya rangi ya viatu. Akifika karibu nayo alivuka ng'ambo ili asisikie harufu ya dawa waliyozibia chupa. Ile njia ya kwenda Borough nayo ilimtoa machozi hata baada ya mtoto wake wa kwanza kujua kuongea. Huyu ni msee mwenye pesa, jina, familia. Harufu tu, anavuka barabara.

Jela inamrudia

Miaka ya 1840 alijaribu kuandika maisha yake. Akafika kwenye kiwanda, akaeleza yote, kisha akashindwa kuendelea. Makaratasi akampa rafiki yake mmoja, John Forster. Sehemu kubwa akaipenyeza ndani ya David Copperfield, iliyotoka 1849 hadi 1850. David naye anatupwa kazini akiwa mtoto, tena London, ila kiwanda kimegeuzwa kuwa ghala la mvinyo. Mzee wa madeni, mcheshi, anayengoja bahati ije tu, akawa Bwana Micawber. Hapo mbuyu alikuwa bado hai. Alifariki Machi 1851.

Halafu ikaja Little Dorrit, kati ya 1855 na 1857. Stori ya msichana aliyezaliwa na kulelewa Marshalsea kwa sababu babake ni mfungwa wa madeni. Jela yenyewe ilikuwa imefungwa tangu 1842. Mei 1857, akiwa anamalizia kitabu, Dickens hatimaye alienda kuitafuta. Sehemu ya mbele ilikuwa imegeuka duka la siagi. Akapenya kwenye kijia, akakuta kijana mdogo amebeba mtoto mkubwa kuliko nguvu zake. Kijana akamweleza vizuri kabisa zamani hapo palikuwa nini.

Hebu fikiria hiyo picha. Mwandishi maarufu zaidi Uingereza, miaka 45, anaambiwa na mtoi wa mtaa historia ya jela ambayo yeye mwenyewe alikuwa akinywa chai ndani yake. Dickens hakujua kijana ameyatoa wapi hayo. Hangeweza kuyajua mwenyewe, maana alikuwa amezaliwa majuzi. Hata alipoisimulia safari hiyo kwenye utangulizi wa kitabu, hakusema kwamba mbuyu wake alikuwa mmoja wa wafungwa.

Ukuta mmoja wa Marshalsea bado umesimama, kwenye kijia cha Angel Place, kando ya kanisa la St George the Martyr. Ndani ya kanisa kuna dirisha la vioo vya rangi lenye kijichoro cha Little Dorrit amepiga magoti. Na mitaa ya pale sasa inaitwa Marshalsea Road, Little Dorrit Court, Copperfield Street, Pickwick Street. Lant Street ipo palepale.

Siri ya pili

Tusimfanye malaika. Mwaka wa 1857, akiwa na miaka 45, alimpenda mwigizaji wa miaka 18, Ellen Ternan. Mwaka uliofuata aliachana na Catherine, mama ya watoto wake 10, kwa njia chafu. Alimlipa pauni 600 kwa mwaka, lakini pia alichapisha tangazo kwenye jarida lake mwenyewe kujitetea, na hivyo hata waliokuwa hawajui wakajua. Catherine aliondoka. Watoto, isipokuwa kijana mkubwa, walibaki na baba.

Uhusiano na Ellen aliuficha hadi kufa. Mwaka wa 1860 aliwasha moto nyuma ya nyumba na kuchoma barua za miaka mingi. Mtu aliyejifunza kuficha akiwa na miaka 12 alikuwa ameshaiva. Usiku mmoja wa Oktoba 1857, ndoa ikiwa inavunjika, aliamka saa nane usiku na kutembea kutoka London hadi kwenye nyumba yake ya Kent, kama kilomita 48.

Nyumba hiyo ni ipi? Gad's Hill. Lile jumba alilooneshwa na mbuyu akiwa mtoto. Aliinunua mwaka wa 1856. Na muda mfupi baadaye, 1860 hadi 1861, akaandika Great Expectations, stori ya kijana wa Kent anayeomoka, anaenda London, halafu anamwonea aibu fundi chuma aliyemlea. Hakuna kitabu chake kinachoikazia macho aibu namna hiyo.

Mchezo wa Krismasi

Miaka ya mwisho alizunguka Uingereza na Marekani akisoma vitabu vyake jukwaani. Kumbi zilijaa, pesa ziliingia, mwili ukachakaa. Tarehe 9 Juni 1865 treni aliyopanda na Ellen ilianguka darajani Staplehurst. Alishuka kusaidia majeruhi, kisha akarudi ndani kuchukua karatasi za kitabu alichokuwa akiandika. Tarehe hiyo hiyo, miaka mitano baadaye, 9 Juni 1870, alifariki Gad's Hill akiwa na miaka 58, stori ya mwisho ikiwa katikati. Aliomba mazishi bila makuu na asijengewe sanamu. Alizikwa asubuhi mapema Westminster Abbey, watu wachache tu wakiwepo. Kaburi likaachwa wazi, na maelfu wakapita kumuaga.

Hiyo njia yote, Charing Cross, Strand, Fleet Street, Doughty Street, kuvuka Blackfriars hadi Borough, kisha kufuata mto hadi Westminster, ni kama kilomita 10. Ni ya siku moja, na miguu yako inatosha.

Forster alipotoa kitabu cha maisha ya rafiki yake, muda mfupi baada ya mazishi, ndipo siri ya kiwanda ikatoka. Familia ikaisoma pamoja na watu wengine wote. Hapo kijana wake Henry akakumbuka kitu. Krismasi ya 1869, ya mwisho kwa mzee, walikuwa wakicheza mchezo wa kukumbuka maneno: mmoja anataja kitu, anayefuata anarudia vyote na kuongeza chake. Zamu ya baba ilipofika, alirudia orodha yote bila kukosea, kisha akaongeza jina la kampuni moja ya rangi ya viatu na anwani yake kwenye barabara ya Strand. Jicho lake lilikuwa na mng'ao wa ajabu na sauti yake ilibadilika.

Hakuna aliyeelewa. Mchezo ukaendelea, zamu ikaenda kwa mwingine.